Asilimia ya gawio: piga hesabu kwanza ndo ununue hisa

Kila msimu wa gawio, yaani ile sehemu ya faida kampuni inayowalipa wenye hisa, ukikaribia napata meseji za swali moja tu, kampuni gani inatoa gawio kubwa, na mtu anaishia kunitajia benki ya NMB kwa sababu kwa mwaka 2023 walitoa shilingi 361 kwa hisa wakati benki ya CRDB walitoa 50. Ndugu yangu, 361 na 50 peke yake hazikwambii kitu, kwa sababu wakati ule hisa yenyewe ya NMB ilikuwa inauzwa kwa maelfu na ya CRDB kwa mamia.

Unachotakiwa kujua ni asilimia. Chukua gawio la mwaka mzima kwa hisa moja, gawanya kwa bei ya hisa, zidisha mara 100. Tuseme CRDB uliipata kwa 500, basi 50 gawanya kwa 500 ni asilimia 10. NMB tuseme kwa 5,000, hapo 361 inakupa asilimia 7.2. Umeona mambo yalivyogeuka?

Alafu kuna kodi, hii watu wanaisahau sana. Kwa kampuni zilizoorodheshwa soko la hisa Dar es Salaam serikali inakata asilimia 5 ya gawio kabla hujalipwa, kwahiyo mwenye hisa 2,000 za CRDB kwa gawio lile la 50 aliyekuwa anasubiri laki moja, inayoingia ni 95,000. Ile 10 yako kumbe ni 9.5, na hiyo ndo namba mimi naandika kwenye daftari langu, maana ukitaka kulinganisha na hatifungani za serikali za muda mrefu (unaikopesha serikali, inakulipa riba) ambazo riba yake haikatwi kodi, lazima ulinganishe kile kinachofika mfukoni.

Sasa hapa ndo naomba usome taratibu. Asilimia ikiwa kubwa usikimbilie kufurahi, uliza kwanza imekuaje kubwa. Angalia Safaricom kule Nairobi: Agosti 2021 hisa ilifika karibu shilingi 45 za Kenya, na gawio la mwaka wa fedha ulioishia Machi mwaka ule lilikuwa 1.37, yaani asilimia 3 hivi. Mwishoni mwa 2023 bei ilikuwa imeanguka mpaka karibu 14, gawio nalo limeshuka kuwa 1.20, lakini ukipiga hesabu unapata kama asilimia 8.6! Gawio limepungua na asilimia imepanda karibu mara tatu, kwa sababu tu bei imeporomoka. Aliyenunua kwa 45 hiyo 8.6 haimhusu kabisa, yeye anapokea 1.20 kwenye 45 yake, haifiki hata asilimia 3.

Angalia pia gawio lenyewe limetoka wapi. Safaricom hao hao wanalipa mara mbili kwa mwaka, kwahiyo ukichukua la awali peke yake utaiona kampuni mbovu bure, na kwa mwaka ulioishia Machi 2019 walitangaza 1.25 ya kawaida wakaongeza 0.62 maalum. Hiyo 0.62 usiiweke kwenye hesabu ya miaka inayofuata, ilikuwa ya mara moja. Mimi napenda kurudi nyuma miaka mitano hivi nione kama gawio linapanda, limesimama au linaruka ruka, na kama kampuni inagawa sehemu tu ya faida au inagawa karibu yote, maana inayogawa yote faida ikiyumba kidogo gawio linakatwa.

Na wale mlionunua CRDB 2009 kwa 150, ndio, gawio la 50 kwenu ni asilimia 33 ya mtaji wenu na hongereni kwa uvumilivu. Ila ukiwa na hela mpya leo unataka kuongeza hisa, usitumie 150, tumia bei iliyopo sokoni siku hiyo, na tarehe ya kufunga rejista, yaani siku kampuni inafunga orodha ya wenye hisa watakaolipwa gawio, uiangalie mapema, kwa sababu ukinunua baada ya hapo gawio la mwaka huo linaenda kwa aliyekuuzia.