Wanaovuka Atlantiki peke yao wanalala saa ngapi?

Swali: Shikamoo mhariri, niko Entebbe, naendeshaga boti ya tanga huku Ziwa Victoria. Hawa wa mashindano ya kuvuka Atlantiki mtu mmoja mmoja, usingizi wanaupata wapi?

Jibu: Marahaba ndugu yangu. Wanalala vipande vipande, dakika kama 20 hivi, alamu inapiga kelele, unaamka unacheki matanga na upepo na meli za karibu, unajilaza tena, usukani umeachiwa otopailoti. Boti za Mini Transat, mashindano mojawapo ya hayo ya kuvuka Atlantiki peke yako, zina urefu wa mita 6.5 tu, na kabla ya kukubaliwa lazima uwe umekata maili 1,000 za bahari peke yako bila kusimama, hapo ndo unajifunza kulala kweli. Ila wewe anza na mwenzako ndani, dhoruba ya Victoria haipigi hodi, na laifujaketi usiivue hata ukisinzia.