Kabla hujanunua hedifoni nyingine ya pleya yako

Mkuu, umesema iafoni zilizokuja na pleya yako ya muziki zimekufa upande wa kushoto, mfuko hauko vizuri, na unataka mbadala wenye besi. Nimeshapita hapo mara nne kwa pleya moja ile ile, kwa hiyo haya nimeyalipia.

Kwanza usizitupe. Chomeka, cheza wimbo, halafu shika waya pale unapoingia kwenye pini, uuzungushe taratibu kwa vidole. Sauti ikija na kukatika, spika ni nzima, kilichokatika ni waya ndani ya ile plastiki. Zangu tatu kati ya nne zilifia hapo hapo, maana pleya inakaa mfukoni na kila ukiketi pini inakunjwa. Fundi anakata kipande kidogo na kuweka pini mpya. Nyuzi za ndani zina rangi iliyopakwa ambayo lazima iunguzwe kabla lehemu haijashika. Wa kwanza niliyempelekea hakulijua hilo, akanirudishia akisema waya wenyewe ni feki.

Ikibidi kununua, chagua pini ya kona, ile iliyojikunja kama herufi L. Ukipata yenye waya unaochomoka upande wa hedifoni, bora zaidi, kwa sababu siku ukikatika unanunua waya tu.

Maandishi ya 20 Hz hadi 20,000 Hz kwenye boksi, yaani sauti kuanzia nzito hadi nyembamba, yapuuze, karibu kila boksi linayo. Angalia omu, yaani kipimo cha jinsi hedifoni inavyoukinza umeme. Niliwahi kuazima hedifoni kubwa ya studio ya omu 250, nikapandisha sauti ya pleya mpaka mwisho, nikawa kama nasikiliza redio ya jirani kupitia ukuta. Pleya ndogo inatoa volti kidogo, haiwezi kusukuma mzigo kama ule. Omu 16 hadi 32 ndiyo saizi yake, na usikivu, yaani ukubwa wa sauti kwa umeme mdogo, uwe desibeli 100 hivi kwa miliwati moja. Si sheria ya chuma lakini: hedifoni ya Koss Porta Pro, ambayo ipo tangu 1984, ina omu 60 na pleya yangu inaiendesha bila shida. Ni nyepesi na besi ipo. Ubaya wake inavuja sauti, aliyekaa karibu nawe atajua unasikiliza nini.

Sasa hiyo besi. Iafoni zangu za pili nilitaka kuzirudisha siku ile ile, zilikuwa zinalia kama nyuki kwenye kopo. Nilipobadilisha vile vimpira vinavyoingia sikioni, nikaweka vikubwa, ngoma ikashuka mpaka kifuani. Iafoni ya kuingiza sikioni isipoziba tundu vizuri besi yote inatorokea nje, hata ingekuwa ya bei gani. Kipimo ni rahisi: vaa, funga mdomo, guna. Sauti yako ikiwa nzito na inavuma kichwani, umeziba. Na usishangae masikio yako yakitofautiana, mimi kushoto navaa cha kati, kulia kikubwa. Kwa hiyo kama bajeti ni ndogo, nunua ya kawaida inayokuja na saizi kadhaa za vimpira, kuliko ya kifahari yenye saizi moja.

La mwisho lilinichanganya wiki nzima. Nilichomeka iafoni mpya, waimbaji wakapotea. Vyombo vipo, vinaelea mbali kama vinapigwa ndani ya pipa, ila mwimbaji hayupo kabisa. Nikadhani faili zimeharibika. Kumbe pini yake ilikuwa na pete tatu nyeusi, yaani ina njia ya maiki, na njia hiyo ilikuwa imebadilishana nafasi na ethi, ile njia ya kurudishia umeme inayotumiwa na kushoto na kulia kwa pamoja. Ethi ikikosekana, kushoto na kulia zinapambana zenyewe kwa zenyewe, na kile kilicho sawa pande zote, yaani mwimbaji, kinafutika. Nikibonyeza kitufe cha maiki na kukishikilia, mwimbaji anarudi; nikiachia, anaondoka. Pleya yako kama haina maiki, tafuta pini ya pete mbili tu. Zile nilimpa mdogo wangu, kwenye simu yake zinaimba vizuri tu.