Kufundisha Haidroliki kwa Daraja la Maboksi

Kwa miaka kadhaa nilifundisha fizikia hapa Jinja kwa kuandika ubaoni kwamba shinikizo ni nguvu gawanya kwa eneo. Wanafunzi walinakili, wakafaulu jaribio, na muhula uliofuata wengi walikuwa wameshasahau. Mambo yalibadilika tulipoanza kujenga madaraja yanayoinuka kwa haidroliki, yaani kwa msukumo wa maji, tukitumia maboksi, vijiti vya mishikaki, mipira ya dripu na mabomba mapya ya sindano, ambayo tuliyanunua katika duka la dawa bila sindano zenyewe.

Mwalimu mwenzangu, kabla hamjakata boksi lolote, unganisha bomba la mililita 5 na la mililita 20 kwa mpira uliojaa maji, kisha wape wanafunzi wawili wasukumane kwa vidole gumba. Mwenye bomba dogo humshinda mwenzake hata akiwa mdogo kwa umbo, kwa sababu shinikizo ni lile lile pande zote mbili, ila pistoni kubwa ina eneo kubwa zaidi. Msichana mmoja aliniambia bomba lake dogo limeharibika, kwani lilikwisha maji ilhali daraja lilikuwa limeinuka kidogo tu. Nilimwomba asome alama za mabomba yote mawili. Alisoma mara mbili, akanyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, kumbe nguvu tunainunua kwa safari."

Jazeni mabomba yakiwa yamezama ndani ya beseni, maana kiputo cha hewa hubanika na kumeza sehemu ya msukumo wenu.

Sehemu inayohitaji muda mwingi ni kuchagua mahali bomba litakaposukuma. Chukua sakafu ya daraja yenye gramu 200 na urefu wa sentimita 40, iliyofungwa bawaba upande mmoja: uzito wake, takriban nyutoni 2, hukaa sentimita 20 kutoka kwenye bawaba. Bomba likisukuma wima sentimita 4 kutoka hapo, litahitaji nyutoni 10. Kwa sentimita 10, nyutoni 4 zatosha, lakini pistoni itafika mwisho kabla daraja halijasimama vizuri. Waache wabishane juu ya jambo hili, hata kipindi kizima kikiisha.

Daraja letu jipya la Mto Nile, lililofunguliwa mwaka 2018, halifunguki, kwa hiyo mimi huwaonyesha picha za Tower Bridge ya London. Tangu mwaka 1894 daraja hilo limekuwa likiinuliwa kwa haidroliki, kwanza kwa maji yaliyosukumwa na injini za mvuke, na tangu mwaka 1976 kwa mafuta na umeme. Kila bawa, yaani kipande cha daraja kinachoinuka, lina uzito wa zaidi ya tani 1,000, lakini nyuma yake kuna uzito wa kulisawazisha.

Wakishaona hivyo, wape kokoto. Wazifunge nyuma ya bawaba mojamoja, wakipima kila mara, mpaka kidole gumba kimoja kitoshe kuliinua daraja lote.