Maswali yenu: kodi ya mafuta na barabara za Texas

Ni kweli kura ya 2014 ilituongezea kodi? (Houston)

Hapana, na swali hili linarudi kila mwezi. Kodi ya uchimbaji wa mafuta na gesi ilikuwepo zamani, na sehemu yake ilikuwa inaingia kwenye mfuko wa akiba wa jimbo. Novemba 4, 2014, karibu asilimia 80 ya wapiga kura waliridhia nusu ya sehemu hiyo iende kwenye barabara. Someni basi kabla ya kusambaza.

Mbona huku kwenye visima vya mafuta barabara bado mbovu? (Dereva wa lori, Midland)

Kaka, unayaona kila siku. Kisima kimoja, hadi kianze kutoa mafuta, hula zaidi ya safari elfu moja za malori ya maji, mchanga na mitambo. Barabara nyingi za vijijini huko zilijengwa kwa trekta na pikapu: lami nyembamba, nafasi ya pembeni hakuna. Malori mawili yakipishana, tairi linashuka ukingoni na lami inameguka. Mwaka 2013 idara ya barabara ilifikia kutangaza kwamba baadhi itazikwangua lami zirudi kuwa za changarawe.

Na pesa yenyewe ya kura ya 2014 haitabiriki. Awamu ya kwanza ilikuwa dola bilioni 1.7. Bei ya mafuta ikaporomoka, na miaka miwili baadaye hazikufika hata nusu bilioni. Mashimo hayasubiri bei ipande. Wakati huohuo kodi ya petroli ya jimbo ni senti 20 kwa galoni tangu 1991, na robo yake inakwenda shuleni. Wanasiasa wanaogopa kuigusa, ndiyo maana wanakimbilia akiba. Mimi nasema waipandishe. Anayetumia barabara aichangie, na akiba ibaki kwa mwaka wa njaa.

Pesa za kura ya 2014 zinajenga barabara za kulipia? (Dallas)

Haziruhusiwi. Katiba ya jimbo imekataza wazi.

Nina green card (ukaazi wa kudumu, si uraia). Naweza kupigia kura mambo kama haya? (Fort Worth)

Huwezi! Ndugu zangu, ni kosa la jinai na unaweza kufukuzwa nchini, hata kama karani alikupa fomu ukaijaza bila kuelewa. Ukiulizwa kama wewe ni raia, jibu ukweli. Ukishaapishwa uraia, jiandikishe angalau siku 30 kabla ya uchaguzi.