Fundi Anajibu: Motohomu ya petroli iwekewe wese gani, na chupa gani?

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa ndugu zetu walioko Marekani, na karibu zote ni za motohomu, zile nyumba za magurudumu zenye kitanda, jiko na choo ndani. Wengi mmenunua used, za injini ya petroli, na mnauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti. Nimechukua tatu, ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ndo inabeba mambo mengi.

*

*Shikamoo fundi. Tuko Columbus, Ohio, tumenunua motohomu ya 2008, bodi imekaa juu ya Ford E-450, injini ni V10 ya lita 6.8. Watoto wakifunga shule tunataka kwenda nayo Florida. Shida ni baba yao, anasema 87, ile petroli ya kawaida ya huku, ni maji, eti nyumbani Dar alikuwa anaweka 95 na gari lilikuwa dogo, sembuse hili jumba. Anataka tujaze premium kila mara, na kila tukijaza tumwagie chupa ya kuongeza okteni na nyingine ya kusafisha nozeli. Risiti ya kwanza nilitaka kulia. Tuweke nini jamani? — Mama Watatu*

Marahaba Mama Watatu, na hongereni kwa chombo. Wekeni 87. Kitabu cha hiyo injini kinasema 87 na waliokiandika ndo walioitengeneza.

Sasa mwambie baba watoto kwa upole kwamba hajakosea kuikumbuka 95, ila hiyo ni rula nyingine. Pampu ya nyumbani ikiandika 95 inamaanisha RON, namna moja ya kupima. Kuna namna ya pili inaitwa MON, hiyo injini ya majaribio inateswa zaidi kwa joto na kasi kwa hiyo namba inatoka ndogo. Marekani wanachukua zote mbili wanajumlisha wanagawa kwa mbili, ndo maana kwenye stika ya njano ya pampu mnaona (R+M)/2. Ukiigeuza 87 ya Columbus kwa rula ya Dar inakuja kama 91 au 92 hivi. Sio maji hata kidogo.

Na okteni sio nguvu, hili naomba mlishike. Okteni ni uvumilivu. Pistoni ikipanda inabana hewa na petroli pamoja, vinapata moto mkali, na petroli inatakiwa ivumilie isiwake mpaka plagi ipige cheche. Ikiwaka yenyewe kabla ya wakati, unasikia injini inagonga, mlio mkavu wa haraka kama misumari inatikiswa kwenye kopo. Injini za mgandamizo mkubwa na za tabo (turbo, zinazosukumiwa hewa) zinahitaji petroli mvumilivu. V10 yenu inabana kama mara 9 tu, ni injini ya kazi, imetengenezwa ibebe mzigo kwa petroli ya kawaida. Ukiipa premium haitakushukuru kwa chochote.

Tupige hesabu. Tenki la E-450 ni galoni 55, yaani lita 208. Tuseme premium imezidi 87 kwa senti 80, basi kila mkijaza mnaongeza dola 44. Gari la namna hiyo linakwenda maili 8 mpaka 10 kwa galoni, na kutoka kwenu mpaka Orlando ni zaidi ya maili 900, kwa hiyo ni kama tenki mbili kwenda, mbili kurudi. Dola 176 zimeenda, na hapo sijaweka chupa. Hiyo ni siku kadhaa za kambi na watoto wanaogelea.

Ila kuna jambo moja nataka mlisikilize kwa masikio. Mkipita barabara kuu ya I-77, wakati wa kurudi kuna kile kipando kirefu cha milima ya Blue Ridge pale Fancy Gap, Virginia. Gari likiwa na mzigo na jua kali, gia itashuka na V10 itapiga kelele kama ndege inaruka, na kwa kuwa injini imekaa chini ya kile kifuniko katikati ya viti viwili mtaisikia magotini. Msiogope, huo ni mngurumo, injini hii inapenda mizunguko, iacheni ipande. Cha kuogopa ni ule mlio wa misumari. Mkiusikia, punguzeni mguu, na tenki linalofuata wekeni 89 mfike salama, afu mkifika nyumbani fundi aangalie, kwa sababu V10 nzima haitakiwi kugonga na 87. Inaweza kuwa kaboni imejaa ndani ya silinda, plagi zimechoka, au injini inapata joto kuliko kawaida.

Chupa ya kuongeza okteni iacheni dukani kabisa. Hata zile zinazosema zinaongeza "pointi" 5, pointi moja kwa lugha ya hizo chupa ni sehemu ya kumi ya okteni, kwa hiyo umenunua nusu ya namba moja, kwa injini ambayo haikuiomba.

Chupa ya kusafisha nozeli ni habari tofauti, ile ina kazi, ila sio kila mkijaza. Petroli yote Marekani ina sabuni kidogo ndani, serikali inalazimisha tangu 1995. Kampuni za magari zikaona ile kidogo haitoshi, mwaka 2004 wakaanzisha kiwango chao kinaitwa Top Tier chenye sabuni zaidi, na sheli zinazokifuata zinabandika nembo kwenye pampu. Chama cha waendesha magari cha AAA kilipima mwaka 2016, petroli zisizo za Top Tier ziliacha uchafu kwenye valvu mara 19 zaidi baada ya maili 4,000 za majaribio. Na V10 yenu nozeli zake zinarushia petroli nyuma ya valvu kabisa, kwa hiyo sabuni inafika panapotakiwa. Tafuteni 87 yenye nembo hiyo, hata maduka ya Costco wanayo, basi kazi ya chupa imeshafanyika kwa asilimia kubwa.

Kwa kuwa gari ni used na hamjui mwenye nalo alikuwa anaweka nini, mara moja kabla ya safari wekeni chupa ya kusafisha yenye kitu kinaitwa PEA, iwe imeandikwa kwenye lebo. Hiyo ndo inayobandua kaboni kweli. Na someni kipimo, wengi ndo tunapokosea hapa: chupa ya aunsi 20 mara nyingi ni ya galoni 20. Tenki lenu ni 55. Chupa moja humo ni kama kijiko cha chumvi kwenye sufuria ya shughuli. Ama muweke chupa karibu tatu kwenye tenki likiwa limejaa, ama mweke moja tenki likiwa na galoni 20 muendeshe mpaka lishuke. Mimina kwanza, petroli ifuate, ijichanganye yenyewe. Afu mkimaliza hilo tenki ndo mmwage oili.

Namwelewa baba watoto anakotokea. Sisi tuliojifunzia gari nyumbani tumelelewa na hofu ya mafuta yaliyochakachuliwa. Mtu anachanganya mafuta ya taa kwenye petroli, okteni inaanguka, gari linagonga mlimani, na dawa ya chupa ndo ilikuwa kinga yetu. Sio hadithi, Kenya mwaka 2018 ilibidi waweke tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili mchezo huo usilipe. Hofu hiyo ilikuwa na maana kule. Columbus mnahitaji kuogopa kitu kingine, na hicho nakisisitiza.

Msiweke E15. Petroli ya kawaida ya Marekani ina ethanoli mpaka asilimia 10, hiyo sawa. Lakini njiani mtakutana na pampu imeandikwa 88, bei iko chini ya 87, na najua baba watoto ataona namba imepanda na bei imeshuka atafurahi. Hiyo 88 mara nyingi ni E15, ethanoli asilimia 15. Angalieni stika ya rangi ya chungwa, imeandikwa wazi kwamba ni ya magari madogo ya abiria ya 2001 na kuendelea na yale ya flex-fuel, yaani yaliyotengenezwa kukubali ethanoli nyingi, mengine ni marufuku kisheria. Motohomu yenu haimo humo. Na hata msomaji mwingine mwenye motohomu ya flex-fuel naye asikimbilie, kwa sababu jenereta yako ya umeme wa ndani ya nyumba inanyonya tenki lilelile, na vitabu vya jenereta hizi vinasema isizidi asilimia 10. Injini kubwa itakunywa vizuri tu, ndogo itaumia.

*

*Mambo vipi fundi, niko Minneapolis. Motohomu yetu tunaipaki Oktoba tunaitoa Mei. Mwaka huu injini kubwa imewaka poa kabisa ila jenereta inawaka, inapanda inashuka, inapanda inashuka, ukiwasha AC inazima. Nimemwaga makopo mawili ya Sea Foam kwenye tenki, nimesubiri wiki, wapi. Kuna dawa kali zaidi? — Kaka wa Minneapolis*

Kaka, dawa ya kumwaga huna tena, hapo ni kufungua. Na nakueleza kwa nini, maana hili ndo linaua jenereta nyingi kuliko kitu kingine.

Petroli haikai. Vile vitu vyepesi vinapaa kwanza, hewa inaila inayobaki, na mwisho inaacha gundi. Tenki lina galoni nyingi kwa hiyo linachelewa kuharibika, injini kubwa ina nozeli na pampu ya presha, inavumilia. Jenereta kama yako, ya kabureta, inaacha kikombe kidogo cha petroli kimekaa peke yake miezi saba. Juzi nimefungua moja yenye ugonjwa wako huohuo. Chini ya kikombe kulikuwa na utando wa rangi ya asali iliyokauka, unanata kidoleni, unanuka kama rangi ya zamani. Jeti yenyewe, kitundu chake ni kama ncha ya sindano, nikaiinua kwenye mwanga sikuona kitu upande wa pili. Ndo inapanda na kushuka hivo, inatafuta petroli haipati, gavana, ile inayodhibiti mwendo, inafungua, inapata kidogo, inakosa tena. AC inaomba wati kama 1,500 kwa mpigo, itatoa wapi?

Sea Foam ni kitu kizuri kulainisha gundi changa, lakini ipite wapi wakati tundu limeziba? Toa kikombe, fungua jeti, spreya ya kabureta, na kama haipiti tumia uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, taratibu. Usitumie drili wala sindano, ukilipanua tundu umenunua kabureta mpya.

Oktoba ijayo fanya hivi. Jaza tenki petroli mpya, karibu lijae, nafasi ya hewa ikiwa ndogo na unyevu unakuwa mdogo. Ethanoli inapenda maji, ikishiba inajitenga nayo inashuka chini ya tenki, na hapo hakuna chupa ya kuirudisha. Kabla ya kujaza mimina stebilaiza, dawa ya kuzuia petroli isiharibike. STA-BIL ile nyekundu ni aunsi 1 kwa galoni 2.5, kwa tenki la 55 ni aunsi 22, kama mililita 650. Lazima iwe petroli mpya, stebilaiza haifufui iliyokufa. Afu, na hili ndo watu wanasahau, washa injini kubwa *na jenereta* zikae dakika 10 au zaidi, ili ile petroli yenye dawa ifike mpaka kwenye kabureta. Ukimwaga ukafunga mlango, dawa imebaki tenki na kikombe cha jenereta kina petroli ileile ya zamani.

Winta ukiweza kuifikia, iendeshe jenereta saa mbili kila mwezi na mzigo wa nusu, hita moja ya umeme inakaribia kutosha, bila mzigo haipati joto la kazi. Fanya nje, kaka, kamwe usifanye ndani ya gereji hata mlango ukiwa wazi, ule moshi una kaboni monoksaidi, hauna harufu na unaua. Na jua kwamba mrija wa jenereta umekatwa juu ndani ya tenki, wese likifika kama robo inazima yenyewe ili usikwame porini. Wengi wanafungua kabureta bure kumbe tenki limeshuka tu, kwa hiyo hata wewe cheki geji kwanza kabla hujashika spana.

*

*Sasa fundi, natoka Texas kwenda Denver, Colorado, na motohomu ya Chevy, injini ya lita 8.1. Rafiki yangu wa huko ananiambia regular yao ni 85 na kila mtu anaweka. Ni salama ama nitaharibu injini? — Msomaji, Houston*

Weka 87, hata kama pale Denver wanaiita ya kati na unalipa zaidi.

Hiyo 85 ilianza enzi za kabureta. Denver iko mita 1,600 juu, hewa ni nyepesi, silinda inapata hewa kidogo, presha inashuka, na injini za wakati ule hazikugonga. Siku hizi kompyuta inapima hewa na inasogeza muda wa cheche yenyewe, kitabu chako kinasema 87 na hakijaandika "isipokuwa mlimani". Halafu fikiria unavyotumia gari: ukijaza 85 Denver, tenki hilohilo unalipandisha barabara kuu ya I-70 mpaka handaki la Eisenhower, mita 3,400, na nyumba nzima mgongoni. Au unageuka kurudi Texas, unashuka kwenye hewa nzito na joto, bado una nusu tenki ya 85. Hapo ndo itagonga.

Kama umeshaiweka usihangaike kuinyonya. Nenda taratibu vipandoni, shusha gia mapema, na tenki likifika nusu ongezea 91. Nusu ya 85 na nusu ya 91 inakupa 88, na hiyo haina uhusiano na ile 88 ya E15 niliyomkataza Mama Watatu.