Re: Miezi miwili Leipzig na bado sina rafiki

Mdogo wangu, umeuliza kama ni kawaida kuwa Leipzig, Ujerumani, tangu Oktoba, unasoma uzamili, na bado huna mtu wa kumpigia simu Jumapili. Ni kawaida, na inauma. Nimepita hapo. Desemba jua linazama saa kumi jioni, Jumapili maduka yamefungwa, chumbani unasikia friji tu.

Mimi kilichonitoa ni Kiswahili. Chuo chenu kinafundisha lugha yetu, na wanafunzi wake wanatafuta watu wa kuongea nao. Nilibandika karatasi ubaoni: nusu saa Kiswahili, nusu saa Kijerumani. Akaja binti mmoja, daftari limejaa ngeli, akataka kujua kwa nini kiti "kimeanguka" lakini kipofu "ameanguka". Sikuwahi kulifikiria! Tulibishana mpaka chai ikapoa, na hadi leo tunajuliana hali.

Halafu usisubiri mtu apite kwako bila taarifa kama nyumbani. Hatapita, na si kwamba hakupendi. Mwalike wewe, taja siku na saa. Akikubali, ameshaandika kwenye kalenda na atafika. Nilipika pilau kwenye jiko la pamoja hosteli, harufu ya hiliki na bizari ikawatoa vyumbani watu watatu ambao tulikuwa tunapishana kimya kwenye korido. Mmoja alikomba ukoko.

Mchele na viungo utapata maduka ya mtaa wa Eisenbahnstraße. Nenda Jumamosi.