Nimekwama Antaktika nikisubiri ndege: nipunguze swala mpaka lini?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni kijana wa Ngamiani, Tanga, mpishi wa kambi huko Antaktika. Kazi imekwisha. Nimeletwa kwa ndege ndogo kutoka Ncha ya Kusini hadi kambi ya Union Glacier ili nipande ndege kubwa ya kwenda Punta Arenas, Chile. Leo ni siku ya sita, upepo haujaruhusu, na kila asubuhi tunaambiwa huenda jioni. Jua nalo halizami. Madrasa nilifundishwa kwamba msafiri hupunguza swala, za rakaa nne kuwa mbili, mwisho siku nne. Mpakistani ninayesubiri naye anasema hata ikiwa mwaka. Nishike lipi?

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Siku nne ulizofundishwa ni za mtu aliyenuia kukaa. Kwetu Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, msafiri akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, safari yake imekatika na anatimiza, yaani anaswali rakaa zote. Wewe hukunuia. Umezuiwa na jambo unalolitarajia saa yoyote, na mtu huyo ana hukumu yake: anapunguza hadi siku 18. Dalili ni hadithi ya Sahaba Imran bin Huswayn katika kitabu cha hadithi cha Abu Dawud, kwamba Mtume (s.a.w.) mwaka wa kufunguliwa Makka alikaa humo siku 18 akiswali rakaa mbili mbili.

Wanazuoni wetu hata mfano wa aliyezuiwa na upepo baharini wameutaja, na mtu wa Tanga hahitaji kufafanuliwa: jahazi limeshapakia, nahodha anatazama mbingu, wala hajui ni leo au keshokutwa. Ndege yako inatua juu ya barafu tupu, na upepo wa ubavuni ukizidi haitui. Hukumu ni ileile.

Mwenzako naye ana msingi. Mahanafi, wafuasi wa Imam Abu Hanifa, hawamwekei kikomo mtu wa hali yako, na imepokewa kwamba Sahaba Ibn Umar alizuiwa na theluji Azerbaijan miezi 6 akipunguza. Theluji hasa, si upepo! Lakini wewe ni Shafi. Zikipita 18, timiza. Ukitaka kumfuata Abu Hanifa sikukatazi, ila usiwe leo huku kesho kule kwa kutafuta wepesi.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo watu wanapoteleza. Ruhusa hii inasimama juu ya kutojua. Mkuu wa kambi akitangaza kwamba ndege imepelekwa matengenezo na hairudi kabla ya wiki, umeshajua utakaa zaidi ya siku nne, basi timiza tangu hapo. Utabiri wa hali ya hewa ni dhana, na huko hali hugeuka kwa saa. Lakini wataalamu wakikubaliana kwamba dhoruba haitaondoka wiki nzima, mimi naona utimize kwa tahadhari. Na lau ungekuwa unasubiri pale pale ulipofanyia kazi miezi yote, usingepunguza hata rakaa moja: mkazi hawi msafiri kwa kufunga mizigo, mpaka atoke.

Kuhusu jua, Masahaba walipoambiwa kuwa siku moja ya Dajali itakuwa kama mwaka, waliuliza kama swala za siku moja zitatosha. Mtume akasema hapana, ikadirieni, yaani pimeni nyakati za swala kwa makadirio. Imo katika kitabu cha hadithi cha Muslim. Punta Arenas jua huzama na kuchomoza hata Desemba, basi fuata ratiba ya huko.

Udhu: jikoni theluji huyeyushwa, kwa hiyo maji unayo na tayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo, haikuhusu; na kujipangusa theluji usoni si kuosha. Buti zako zikiwa zimefunika vifundo na ulizivaa una udhu, pangusa juu yake badala ya kuosha miguu siku tatu na usiku wake, kuanzia udhu ulipotenguka mara ya kwanza baada ya kuzivaa. Ukipatwa na janaba, zivue.